Bastola Iliyosamehe na Bastola Inayotii

Nilipokabidhi funguo za ghala la silaha, Clarisse, mkufunzi wetu wa silaha, aliniomba niwaandikie wafanyakazi wapya ukurasa mmoja kuhusu tofauti kati ya bastola yetu ya zamani na hii mpya. Ukurasa mmoja, alisema, kwa sababu vijana hawasomi zaidi ya hapo. Lakini mimi nimeshastaafu na hakuna wa kunipimia urefu wa maneno, kwa hiyo mtanivumilia. Mwenye haraka asome kijitabu cha kiwanda. Kina picha nyingi, na ndani yake hamna mtu hata mmoja.

Nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, nikaja Kigali nikiwa mtu mzima, Kiswahili changu kimenyooka na Kinyarwanda changu kinachechemea. Kampuni ya ulinzi ilinichukua kwa sababu ya hicho Kiswahili. Amri za silaha zilitolewa kwa Kiswahili, na meneja wa wakati ule aliamini kwamba mtu anayeweza kutamka "koki silaha" vizuri ataweza pia kuitunza. Nilikuwa sijawahi kushika bastola. Nilikuwa nimeshika jembe, chaki na mtoto wa dada yangu.

Aliyenipokea ghalani ni Mzee Thadée. Kabla ya silaha alikuwa fundi wa cherehani Nyamirambo, na alipobadili kazi hakuona sababu ya kubadili tabia. Alitumia mafuta yaleyale ya cherehani na mswaki uleule wa kusugulia meno ya gia, na alibembeleza springi kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji. Siku ya kwanza aliifungua bastola mezani vipande vinne, akavipanga kwenye kitambaa cheupe.

"Binti," aliniambia, "hii ni cherehani inayoshona mara moja tu. Kwa hiyo doucement, taratibu."

Nilikaa naye miaka mingi, na sikumbuki kama aliwahi kunifundisha kitu kingine ambacho hakikuwa ufafanuzi wa sentensi hiyo.

Bastola ya zamani, kwa mliokuja juzi, ilihesabiwa kuwa ndogo. Maana yake ni kwamba iliingia chini ya koti, ila koti lililalamika. Mwili wake ulikuwa chuma kitupu, kitako kimevikwa mbao, na tumboni ilibeba risasi nane. Ubavuni ilikuwa na sefti, kijiti cha kuzuia isifyatuke, cha kusukumwa kwa kidole gumba. Adui yake mkubwa hakuwa jambazi, alikuwa jasho. Mlinzi aliyeshinda garini kiangazi kizima alinirudishia bastola yenye madoadoa ya kutu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, naye akaapa kwamba ameifuta kila siku. Lakini chuma kile kilikuwa na kumbukumbu. Rangi nyeusi ilikwisha pale kidole cha mwenyewe kilipopita asubuhi na jioni, mpaka nikaweza kufumba macho, nikapapasa, nikasema hii ya fulani. Ofisi iliita uchakavu. Mimi niliona ni sahihi ambayo mtu ametia bila kukusudia.

Kuna jambo moja zaidi, na naomba mlisome polepole. Ukitoa magazini, lile kasha la risasi la kitakoni, bastola ile ilikufa. Hata kama risasi moja ilikuwa imebaki kwenye chemba, nyuma ya mtutu, kifyatulio kilibonyea bure, laini kama kitufe cha redio isiyo na betri. Kiwanda kilikusudia wema.

Mbele ya dirisha la ghala kuna pipa la mchanga, limelazwa kidogo, limepakwa rangi nyekundu. Mnalijua. Kila anayerudi kutoka kazini husimama pale kabla ya kunikabidhi silaha. Utaratibu wa maandishi ulisema: toa magazini, vuta slaidi, lile pande la chuma la juu, tazama chemba, elekeza mchangani, bonyeza. Walinzi, ambao kama binadamu wengine wana haraka ya kwenda nyumbani, waliupogoa ukabaki hivi: toa magazini, bonyeza. Kimya. Kimya kile ndicho kilichokuwa amina yetu. Mtu alikabidhi silaha, akaaga, akaondoka. Mzee Thadée aliichukua, akavuta slaidi yeye mwenyewe, na mara nyingine risasi iliruka kutoka kwenye chemba ikadundadunda mezani. Basi alitoa kichwa dirishani na kumwita mwenyewe, ambaye alikuwa ameshafika getini.

"Wewe, umemsahau abiria."

Mtu alirudi akicheka, akamchukua abiria wake, na kesho yake akafanya vilevile. Mzee alilalamika ofisini, na nilipomrithi nikalalamika mimi. Ofisi ilitujibu kwa heshima kwamba hakuna aliyewahi kuumia. Ilikuwa kweli kabisa. Bastola ile ilikuwa inasamehe, na anayesamehewa kila jioni huishia kuamini kwamba hana kosa.

Hapa ndipo pa kumtaja Gaspard. Alikuwa mlinzi wa karibu, yaani yule anayekaa kiti cha mbele kando ya dereva na kumtangulia mteja kila anaposhuka. Ni mtu mrefu, mpole, anayejua kufunga mlango wa gari kama anayefunika sufuria. Shabaha yake haikuwa na mpinzani. Makoti yake yalishonwa na Hamisi wa Nyamirambo, ambaye babu zake walikuja huku na biashara kutoka pwani, na ambaye aliwashonea walinzi wetu wote. Hamisi aliweka bitana ya pili upande wa kulia, isichanwe na kitako, na kipande cha chuma kwenye pindo ili koti lirudi mahali pake upepo ukilipeperusha. Alivipima viuno vyetu kwa miaka mingi na hakuvisemea vizuri hata siku moja.

Siku moja Gaspard alimsindikiza mteja kwenye harusi, ukumbi mmoja pale Gisimenti. Shangazi wa bi harusi, mama mwenye furaha na mikono mipana, alimkumbatia kila mtu aliyesimama karibu na mlango, na Gaspard kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mlango. Mama yule akagusa kitu kigumu ubavuni mwa Gaspard. Akawarudia wenzake akawaambia kijana huyu anatembea na Biblia chini ya koti. Jioni hiyohiyo akamtafutia mchumba, binti wa kaka yake. Gaspard alimwoa. Wana watoto watatu, na mke alipoujua ukweli walikuwa wameshajenga.

"Hii ndiyo ilinioza," Gaspard alizoea kuniambia akinikabidhi bastola dirishani. "Uitunze, Mama Ghala. Ni mshenga."

Zilipofika bastola mpya, Mzee Thadée alikuwa ameshastaafu, nami nilikuwa nimebakiza miezi ya kuhesabika. Kwenye sanduku palikuwa na jina lilelile la bastola ya zamani, na nyuma yake herufi moja imeongezwa. Kiwanda kilitaka tuamini kwamba ni mtoto wa yule yule. Nikaifungua mezani. Haina mbao, haina sefti ya kidole gumba. Mwili ni plastiki ngumu, ni fupi na nyembamba kuliko mama yake, na bado tumbo lake linabeba risasi kumi na mbili, sijui wanazikunja vipi. Mgongo wa kitako unabadilishwa kwa saizi tatu za viganja, na hapo niseme ukweli, mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilishika bastola ambayo haikudhani kwamba mimi ni mwanamume mkubwa. Chini ya mtutu ina reli ya kuweka tochi, ambayo kampuni haikununua. Juu ina nafasi ya kuweka darubini, ambayo kampuni haikununua pia, kwa hiyo kila wiki mnasafisha vumbi kwenye maendeleo ambayo hayajafika. Haipati kutu. Haichakai. Zote zinafanana, ukifumba macho hujui ya nani ni ya nani.

Na ukitoa magazini, haifi. Risasi iliyo kwenye chemba inakusubiri. Ukibonyeza, inakwenda. Ile ya zamani ilisamehe, hii inatii.

Gaspard aliipima mkononi akakunja pua. "Mama Ghala, hii iko kama simu. Nikiipiga itatoa risasi ama itaita?"

Hamisi naye alipoletewa mfano ili apunguze bitana aliugeuzageuza. "Bastola zenu zinapungua," alisema, "na matumbo yenu yanaongezeka. Hesabu yangu imebaki palepale."

Clarisse aliletwa kutufundisha. Amekulia Kampala, mdogo wa mwili, sauti haipandi. Wanaume waliotegemea kumcheka walikosa pa kuanzia. Kwa wiki tatu aliwasimamisha mbele ya pipa, mmoja mmoja, wakirudia kitu kimoja: toa magazini, vuta slaidi, tazama, ingiza ncha ya kidole kwenye chemba uhakikishe, ndipo ubonyeze. Ile hatua ya kidole ndiyo iliyowaudhi.

"Afande," Gaspard alimwambia, "mimi nimeoza meno nikishika bastola. Kuingiza kidole ni ya watoto."

"Hata mimi ninaingiza, mzee wangu."

"Ndiyo ninasema."

Watu walicheka, na Clarisse alicheka pia, kisha akamrudisha mwanzo wa mstari. Sheria aliiweka wazi kwa wote. Anayefaulu mtihani anabaki kwenye magari. Asiyefaulu, au anayefyatua bila kukusudia, anakwenda Kabuga kulinda ghala la mbolea, na huko getini silaha ni rungu. Kwa Gaspard hiyo ilikuwa hukumu ya kuvuliwa koti. Kwa wiki zote hizo hakuzungumza kitu kingine. Aliniuliza, "Nitakuwa nalinda nini kule? Nani anaiba harufu?"

Mimi nilikuwa upande wake, msinielewe vibaya. Nilikuwa nimeiomba ofisi ibakize bastola za zamani, angalau chache, kwa wale waliokomaa nazo. Nilizisafisha zote kwa maombi hayo, zikapangwa rafuni zinang'aa kama watoto wanaopelekwa kubatizwa.

Siku ya mtihani tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Gaspard aliwashinda wote. Matundu yake yalikaa pamoja kiasi kwamba kiganja changu kiliyafunika, na kwa bastola aliyoiita simu. Tukarudi kwenye ua wa kampuni adhuhuri. Mkurugenzi alikuwepo, amevaa miwani ya jua, anataka picha. Walinzi wakapanga mstari mbele ya pipa kurudisha silaha. Gaspard alikuwa katikati ya hadithi, anamweleza Eric aliyekuwa nyuma yake jinsi upepo ulivyojaribu kumsumbua na yeye akaupuuza. Huku akisimulia akatoa magazini, akaelekeza mchangani, akabonyeza.

Pipa lilitoa sauti kama mlango wa kanisa uliosukumwa na ng'ombe. Mchanga ukaruka. Miwani ya mkurugenzi ilianguka, na mkurugenzi aliinama taratibu kuiokota, kama mtu aliyepanga kuinama tangu asubuhi.

Gaspard aliitazama bastola. "Sikupiga," alisema. "Nilikuwa natoa risasi."

"Iweke chini, mzee," Clarisse alisema. "Polepole. Umeumia?"

"Sikupiga."

"Najua. Ile ya zamani ndiyo imekufundisha hivyo. Iweke chini."

Hakuna aliyeumia, mchanga ulifanya kazi yake. Lakini sheria ilikuwa wazi na Clarisse hakuikunja. Hapo sasa ikaja simu ya mteja mmoja mkubwa wa Rebero, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifunguliwa mlango na Gaspard na hakuwa tayari kufunguliwa na mwingine. Mkurugenzi alifikiri kwa muda unaotosha kunywa kahawa, akapata suluhisho. Gaspard atabaki kwenye gari, na atabeba bastola ya zamani, moja, ya kwake peke yake.

Clarisse alipinga. Alisema gari moja litakuwa na bastola mbili zinazofanana jina na zisizofanana tabia, na magazini ya moja haiingii kwenye nyingine.

"Mama Ghala anazijua zote mbili," mkurugenzi alijibu. "Atazisimamia." Akanigeukia. "Si ndivyo?"

Nilisema ndivyo. Nilikuwa nimepata nilichoomba. Nikaichukua ile ya Gaspard mwenyewe, yenye weupe pale kidole chake kilipopita, nikaitia mafuta mapya, nikabadilisha springi. Kesho yake alikuja kuizoea tena kabla ya kurudi kazini, na nilimruhusu aishike palepale dirishani, tupu, bila risasi. Eric alikuwa naye, kwa kuwa ndio wangekaa gari moja. Eric ana ndevu na akili, na kwenye mafunzo alikuwa wa kwanza kuelewa. Bastola yake mpya nilikuwa nimeshamtolea, nayo tupu, aisafishe.

"Tazama hii," Gaspard alimwambia kwa mapenzi. "Ukitoa magazini imekufa. Bonyeza."

Eric akabonyeza. Kimya.

"Bonyeza tena. Unaona? Hii haina ubaya na mtu."

Eric alibonyeza mara kadhaa, akitabasamu, kwa sababu kweli inafurahisha kidole. Kisha akamrudishia Gaspard ya zamani, akachukua ya kwake. Mlinzi wa getini akamwita. Eric akageuza kichwa kumjibu, na huku akijibu, mkono wake ukatoa magazini na kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kifyatulio. Tk. Hakuvuta slaidi. Hakutazama. Hakujua hata kama amebonyeza. Wiki tatu za Clarisse ziliondoka kwa dakika chache za uchangamfu.

Gaspard hakuona. Clarisse hakuwepo. Niliona mimi tu, na nilitamani sana nisingeona, maana siku ile ile nilikuwa nimeifuta bastola ile kwa kitambaa changu kizuri.

Asubuhi ya Jumatatu Gaspard alikuja amevaa koti la Hamisi, viatu vinang'aa. Akaweka kiwiko dirishani.

"Nipe mshenga wangu, Mama Ghala. Gari linasubiri."

"Sitoi, Gaspard."

Alidhani namtania. "Umeanza kuwa kama Afande Clarisse? Toa bwana."

"Ninaijua na ninaipenda, lakini sitoi. Zote za zamani zinaondoka leo. Nimeshamwambia mkurugenzi kwamba akitaka itolewe, aje aitoe kwa mkono wake mwenyewe, na amesema hana nafasi."

"Bastola iko pale. Ninaiona."

"Iko."

"Iko imesafishwa."

"Niliisafisha mimi."

Aliondoa kiwiko, akasimama wima. Mtu mrefu akisimama wima dirishani anazuia mwanga wote. "Kosa langu ni moja," alisema, "na lilikwenda kwenye mchanga. Wewe unajua."

"Ningekupa kama ungeibeba peke yako. Lakini jana umemwambukiza Eric. Nimemwona kwa macho yangu, na hakuna pipa la mchanga kwenye kiti cha nyuma cha gari."

"Eric si mtoto wangu."

"Ndiye utakayekaa naye. Na yule mteja anayekupenda atakuwa amekaa nyuma ya nani?"

Alivua koti taratibu, akalikunja, bitana nje, akaliweka mkononi. "Kwa hiyo si Clarisse," alisema. "Si mkurugenzi. Aliyenipeleka Kabuga ni wewe."

"Ni mimi."

"Nitamwambia mke wangu hivyo hivyo."

"Mwambie."

Aliondoka. Mchana zile bastola zilipakiwa, nami niliyeomba zibaki ndiye niliyefunga sanduku. Mteja wa Rebero alilalamika kwa wiki moja, kisha akagundua kwamba Eric naye anajua kufunga mlango.

Wafanyakazi wapya, tofauti kati ya matoleo yale mawili ni hiyo. Uzito mtausoma kwenye kijitabu. Jambo la kuchunga ni kwamba mkono hausomi vijitabu, unasoma kile ulichofanya jana. Futeni nyuzi za koti kwenye kifyatulio kila jioni. Msimcheke anayeingiza kidole kwenye chemba. Na mkipenda silaha kuliko mwenzenu aliye kando yenu, njooni mzungumze na Clarisse mapema.

Kwenye sherehe ya kuniaga, Gaspard alikuja. Nilikuwa sijamwona tangu Jumatatu ile. Aliwasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa mtu aliyelelewa vizuri, na mimi akaniacha mwisho. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa sweta la kazi la Kabuga na hakuficha.

"Mama Ghala," alisema, "nimekuja na vidole vyangu vyote kumi na hasira zangu zote."

"Karibu," nikamwambia. "Eric naye anavyo vyote kumi."

Alimtazama Eric, aliyekuwa upande wa pili wa ukumbi akiwagawia wageni burusheti, yaani mishikaki, kijiti kimoja kila mkono. Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti, akakaa meza yangu, na hakunisemesha neno mpaka chakula kilipokwisha. Lakini hakuhama meza.